Geuza kwanza: namna ya kulijua zulia la zamani la Kihindi, kulinunua bila kupigwa na kuishi nalo

Mteja akinilipa bila kupunguza hata mia huwa nakosa usingizi. Hapa soko la Kiboriloni, Moshi, watu wanapunguza mpaka bei ya maji, sasa miaka kama 8 iliyopita akaja mzee mmoja wa Kihindi, ana duka la vitambaa mjini Moshi, akakuta nimetandika zulia moja kuukuu juu ya turubai, chafu, limepauka, nililipata kwenye mzigo wa vitu vya nyumba moja ya mtaa wa Shanty Town ambayo wenyewe walikuwa wanahama. Hakuangalia maua yake wala rangi. Akachuchumaa, akageuza kona, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa zulia, akalikunja kidogo, akauliza mama hili shilingi ngapi. Nikasema 80,000 nikijua tutamalizana kwenye 50,000. Akahesabu 80,000 yote, akaita kijana wa toroli, akaondoka.

Usiku ule nikajua nimeuza kitu nisichokijua. Wiki iliyofuata nikamfuata dukani, shikamoo mzee, marahaba mama, umekuja kudai zulia lako? Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema mimi sijakuibia, bei ulitaja mwenyewe. Halafu akaagiza chai ya maziwa ya tangawizi, akanikalisha, akanifundisha kama saa mbili hivi, na hiyo ndiyo shule yangu, mengine nimeyapata kwa kusoma na kwa hasara zangu. Naandika ili wewe unayezungukia soko la Memorial hapa Moshi, au soko la Kilombero kule Arusha, au unayeambiwa "chukua tu hilo likapeti" kwenye nyumba ya marehemu, ujue unaangalia nini.

Kitu cha kwanza ni majina. Sisi tunaita kapeti kila kinacholala sakafuni, lile la plastiki la kukata kwa mita ni kapeti, la manyoya kutoka China ni kapeti, na hili nalo kapeti. Humu nitasema zulia, nikimaanisha lile lililofumwa kwa mkono fundo kwa fundo. Yaani mfumaji anatega nyuzi za urefu kwenye mtambo (huo ndio mtande), anachukua uzi wa sufu anaufunga kwenye nyuzi mbili za mtande, anakata, anafunga mwingine pembeni yake, akimaliza mstari mzima anapitisha uzi wa kukatiza, mshindio, anaugonga kwa kitana kizito cha chuma ambacho India wanakiita panja, kwa sababu kimekaa kama vidole vya mkono. Halafu anaanza mstari mwingine. Ukishaelewa hilo, vipimo vyote vilivyobaki vinajieleza.

Sasa geuza

Usidanganyike na uso wa zulia, uso unaweza kuigwa na mashine. Mgongo ni kazi kuuigiza. La mkono, mgongoni unaliona ua lilelile la mbele, kila fundo linaonekana kama punje ya ulezi, punje zimepangwa mistari lakini ukikaza macho haziko sawasawa, hapa kubwa hapa ndogo, mstari unapanda kidogo unashuka. Binadamu alikuwa anagonga na panja, asubuhi ana nguvu jioni kachoka. La mashine punje zake zote saizi moja kama zimepigwa muhuri, na mara nyingi mgongo ni mgumu, una gundi au kitu kama wavu.

Halafu kuna la tatu ambalo ndilo linawaliza watu wengi, na India wanatengeneza mengi sana. Ukigeuza unakuta kitambaa kama turubai kimegandishwa nyuma. Hilo mtu kashika kifaa kama bunduki akachomeka nyuzi kwenye kitambaa, akamwaga gundi ya mpira, akafunika. Muuzaji atakwambia "la mkono hili mama" na hasemi uongo kabisa, mkono ulihusika, ila hakuna fundo hata moja. Gundi ikizeeka inakuwa unga, unafagia sakafu unakuta vumbi jeupe kama la chaki. Zulia lisilo na fundo, lenye kitambaa kimegandishwa mgongoni, siyo la kale, hiyo haina mjadala, weka chini endelea na safari.

Angalia na matamvua, zile nyuzi za mwisho mwisho. Kwenye la mkono matamvua ni mtande wenyewe umetokeza, huwezi kuyatoa bila kubomoa zulia. Ukiona yameshonewa kwa cherehani kama pindo la pazia, ni mashine, au ni la mkono lakini mwisho wake ulilika mtu akatia kiraka. Usihukumu kwa matamvua peke yake.

Kisha likunje, uso uangalie juu, uyapanue manyoya kama unavyotafuta chawa kichwani kwa mtoto. Chini kabisa utaona fundo limekumbatia uzi wa mtande. Kwenye la mashine uzi umepita tu, umeshikiliwa na gundi au na kubanwa, hakuna aliyeufunga. Fundo la India kwa kawaida ni lile la Kiajemi, linazunguka uzi mmoja lote na wa pili linaupitia tu chini, kwa hiyo manyoya yanalala upande. Pitisha kiganja kama unampapasa paka, upande mmoja ni laini na rangi inang'aa, upande wa pili unakwaruza na rangi inaiva.

Kuhesabu fundo siyo lazima lakini inafurahisha. Chukua rula, mgongoni hesabu fundo ndani ya sentimeta 10 kwenda pembeni, halafu 10 kwenda juu. Ukipata 40 kwa 40 maana yake kila sentimeta ya mraba ina fundo 16. Sasa piga hesabu ya zulia la mita 2 kwa 3: fundo 960,000. Mfumaji mzoefu anafunga kama 6,000 kwa siku, wepesi wanafika mpaka 10,000, kwa hiyo huyo wa 6,000 akiwa peke yake ni siku 160 bila kupumzika. Na hilo ni la kawaida tu, wala siyo la kifalme. Nikimwambia hivi mteja anayetaka nimpunguzie mpaka 30,000 ananyamaza, halafu anasema haya basi 35.

Ila jamani wingi wa fundo siyo kila kitu. Kuna mazulia ya fundo chache yenye sufu nzuri na rangi nzuri yanazidi ya fundo nyingi yaliyofumwa kiwandani juzi.

Sufu, hariri na hariri ya uongo

Arusha, maeneo ya mnara wa saa, kijana mmoja alinipiga laki mbili kwa zulia dogo la kusalia, anasema hariri ya Kashmir ya zamani mama, ona linavyong'aa. Lilikuwa linang'aa kweli. Nyumbani nikachomoa kiuzi kimoja kutoka kwenye manyoya, nikakichoma kwa kiberiti, kikawaka kama karatasi na kunuka kama karatasi. Hariri na sufu zote ni kama nywele, ukichoma zinajikunja, zinanuka nywele iliyoungua, zinabaki majivu meusi unayasaga kwa vidole. Pamba na ile hariri bandia ya kutengenezwa kutokana na miti zinanuka karatasi. Nailoni na wenzake wanayeyuka, wanabaki kidonge kigumu kama shanga. Kwa hiyo jaribu kabla hujalipa, uzi mmoja tu, na muombe mwenye mali ruhusa kwanza, usiwashe kiberiti kwenye kitu cha watu. Na chomoa kwenye manyoya siyo kwenye matamvua, maana mtande wa mazulia mengi ya Kihindi ni pamba hata kama juu ni sufu safi.

Rangi sasa. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe maji, kisugue sehemu ndogo ya kila rangi, hasa nyekundu. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, hilo zulia siku ukilifua litakulilia. Halafu panua manyoya uangalie shinani. Rangi iliyopauka kwa miaka inafifia taratibu kutoka shinani kwenda nchani. Ukiona shina limekolea halafu ghafla, kama limekatwa kwa kisu, ncha imekuwa kahawia, hapo pamepita dawa. Wapo wanaoloweka zulia jipya kwenye chai lionekane la babu, na siyo chai ya maneno, chai kabisa ya majani. Ingawa ya maneno huwa inafuata baadaye, kwenye bei.

Rangi za zamani zilitoka kwenye vitu: buluu kwenye mnili, njano kwenye manjano ya jikoni na mimea mingine, nyekundu kwenye mizizi ya manjistha, na ile nyekundu ya damu ya mzee, yenye uzambarau kwa mbali, ilitoka kwa vijidudu vinavyoganda kwenye matawi ya miti, haohao wanaotupa lakiri ya kufungia barua. Rangi za kiwandani zilianza 1856 pale William Henry Perkin, kijana wa London, alipopata zambarau maabara, na baada ya hapo zikaenea mpaka India. Za mwanzo mwanzo zilikuwa dhaifu, zinachuja na kupauka vibaya. Kwa hiyo ukikuta pinki kali shinani na juu imekuwa kama majivu, hilo zulia limefumwa baada ya Perkin, mtu asikwambie la enzi za wafalme.

Na ukiona buluu iliyokolea inabadilika katikati kuwa hafifu, kama mstari wa mvua, usikimbie. Hiyo wanaiita abrash. Uzi uliopikwa kwenye sufuria moja uliisha, wakapika mwingine, haukufanana kabisa. Wateja wangu wanaona kasoro, mimi nikiiona napandisha bei.

Zulia lako ni la lini, na lilifikaje Kilimanjaro

Kwenye biashara, la kale ni lenye miaka 100 kwenda juu. Watu wakisikia la kale wanaruka moja kwa moja kwa wafalme, kwa hiyo wacha niseme historia fupi, siyo ya mtihani, ya kukusaidia usiingizwe mjini.

Akbar, mfalme wa Wamughali (ukoo wa kifalme uliotawala India) aliyekuwa madarakani 1556 hadi 1605, ndiye aliyewaweka mafundi wa Kiajemi na wa India pamoja kwenye karakana za kifalme, Agra, Fatehpur Sikri na Lahore. Neno karakana lenyewe ni lao, Waajemi na Wahindi wanasema karkhana, sisi tunapelekea gari bovu. Mwanzoni mazulia yao yalifanana na ya Uajemi, baadaye yakapata tabia ya kwao, wanyama wanakimbizana, na maua yamechorwa kama yamechumwa sasa hivi, ua zima na shina lake na majani yake. Enzi za Shah Jahan (1628 mpaka 1658), yule wa Taj Mahal, walifuma kwa manyoya ya mbuzi wa milimani, pashmina, juu ya mtande wa hariri, na mengine yana fundo zaidi ya 150 kwenye sentimeta moja ya mraba, eneo la ukucha wa kidole kidogo. Wazungu nao wakaanza kuagiza, kuna moja lilifumwa Lahore likafika London 1634 kwa chama cha watengeneza mikanda, na bado wanalo. Haya ya aina hii yako makumbusho na majumbani kwa matajiri. Hayako Memorial. Mtu akikuambia la Akbar, mpe pole.

Yanayoweza kuangukia mikononi kwetu ni ya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1800 mpaka katikati ya 1900, na hapo hadithi inabadilika kabisa. Wamughali wameanguka, Waingereza wametawala, maonyesho makubwa ya London ya 1851 yamewafanya Wazungu wayatake mazulia ya India, na sehemu moja yaliyofumwa kwa wingi ilikuwa magerezani. Ndiyo, jela. Agra, Lahore, Yerawada kule Pune, wafungwa walifuma mazulia makubwa ya kumbi. Lililopo kwenye jumba la Windsor Uingereza, la Malkia Victoria, lilifumwa na wafungwa wa Agra, lina uzito wa tani 2 hivi, na jumba lilipoungua 1992 ilibidi wanajeshi kama 50 waliviringishe walitoe. Mzee aliponisimulia hilo nilibaki nakiangalia kikombe. Unanunua uzuri, na huyo aliyeufunga fundo kwa fundo hakuwa na pa kwenda.

Amritsar, mji wa Punjab kule India, ilipanda kwa njia nyingine. Shali za Kashmir zilikuwa zinauzwa sana Ufaransa, vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 na 1871 vikaua soko, mafundi wa shali wakajikuta hawana kazi, wengine wakaingia kwenye mazulia. Kashmir wenyewe wana namna yao ya kufuma ambayo naipenda sana, mchoro hauchorwi, unaandikwa kwa alama kwenye karatasi, talim, mmoja anasoma kwa sauti kama mwalimu anayetoa imla, wengine wanafunga fundo kwa kumsikiliza. Na lile umbo la tone lililopinda shingo unaloliona kwenye shali zao na mazulia yao, wewe mwenzangu unalijua toka utoto, liko kwenye kanga, tunaliita korosho. Bibi yangu alikuwa nalo kiunoni hajui kuwa ni la Kashmir.

1947 nchi ikagawanywa, Lahore ikaenda Pakistan, Amritsar ikabaki India, wafumaji wengi Waislamu wakahama. Baada ya hapo kazi kubwa ikawa ukanda wa Bhadohi na Mirzapur, kule Uttar Pradesh, na mpaka leo ndiko yanakotoka mengi, jina la zulia la Bhadohi lilisajiliwa kisheria 2010. Mazulia ya huko yana manyoya marefu, fundo chache, maua makubwa, mengine yameiga ya Uajemi moja kwa moja. Kama ni jipya jipya, uliza kama lina alama ya GoodWeave, ya kuonyesha halikufumwa na watoto, ilianza 1994 ikiitwa RugMark, aliyeianzisha ni Kailash Satyarthi ambaye 2014 alipewa Nobel, kwa sababu watoto walikuwa wanafungiwa kwenye mitambo hiyo. Mazulia ya zamani hayana alama, hayana pa kuulizia.

Usidharau pia dhurrie. Hili halina manyoya kabisa, ni pamba, bapa, mistari au pembetatu, pande zote mbili sawa. Watu wanalitupa wakidhani ni shuka nzito. Mimi nanunua kila ninaloliona, linafulika, halina nondo, na la zamani lenye buluu ya mnili ni zuri kuliko mazulia mengi ya bei.

Huku kwetu yalikuja na watu. Wahindi wafanyabiashara walifungua maduka Moshi na Arusha, wakajenga zile nyumba za ghorofa moja duka chini familia juu, na mama akitoka kwao alikuja na sanduku na zulia lake. Serikali ilipotaifisha majumba 1971 familia nyingi ziliondoka, Uingereza, Kanada, na zulia halipakiki kwenye sanduku la ndege. Likabaki kwa jirani, kwa dada wa kazi, kanisani. Yule mzee aliniambia zulia alilonunua kwangu ni la Amritsar, na bibi yake alikuwa na la kufanana nalo, waliliuza wiki moja kabla ndugu zake hawajapanda ndege. Siyo lilelile, alisema, nisije nikaanza kusimulia hivyo. Lakini linafanana.

Afya yake

Ukishalijua, lipime kama unavyopima ng'ombe. Shika sehemu kwa mikono miwili, likunje taratibu karibu na sikio. Likikaa kimya, zima. Likilia kama ukuni mkavu, mtande umeoza, na hakuna fundi wa kulirudisha, hata kama uso ni mzuri namna gani. Mara nyingi kisa ni chungu cha maua. Mtu anaweka ua lake juu ya zulia, anamwagilia kila asubuhi miaka 6, chini panaoza kimyakimya, ukihamisha chungu unakuta duara kama chapati.

Liinue pia kwenye mwanga uone matundu. Tundu dogo linatengenezeka, pembeni kuliwa kunatengenezeka, manyoya kuisha mpaka unaona mtande katikati ni suala la bei tu. Ila lisipelekwe kwa fundi makochi akupakie gundi na kitambaa nyuma, na fundi cherehani asilikate matamvua apige pindo. Mtafute mtu mwenye mkono wa kushona, ashike miisho kwa sindano na uzi wa pamba ili isiendelee kufumuka, basi.

Kulisafisha

Hapa ndipo nilipoua. Zulia la pili la Amritsar nililopata nililipiga jiki, nikitaka ile pembe nyeupe ing'ae. Nyekundu ikawa rangi ya embe, sufu ikaanza kutoka kwa mafungu kama nywele za mtu aliyekolezwa dawa ya nywele na saluni ikakatika umeme. Jiki kamwe. Na sabuni ya unga ya kufulia nguo pia hapana, nyingi zina vimeng'enya vya kula madoa ya chakula na damu, na sufu nayo ni protini, kwa kimeng'enya ni nyama tu.

Adui mkubwa wa huku ni vumbi. Vumbi la Arusha kiangazi unalijua, lile jembamba linaingia mpaka kwenye sahani zilizofunikwa. Linazama kwenye shina la manyoya, na kila mtu akikanyaga zile chembe zinakata uzi kama msumeno. Kwa hiyo kabla ya maji yoyote, lilaze kifudifudi kwenye nyasi au kwenye shuka, ligongegonge mgongoni kwa kiganja au fimbo nyepesi, inua, kung'uta, rudia. La kwanza nililofanyia hivi lilitoa vumbi la kujaza kopo la maziwa. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, tumia ile isiyo na brashi ya kuzunguka, fuata upande manyoya yanakolala, na usikaribie matamvua.

Kufua zima ni mara moja kwa miaka kadhaa, siyo kila Krismasi. Fanya Januari au Februari, au Septemba, Oktoba, kukiwa na jua na upepo, ukifua mwezi wa nne hapa Moshi halikauki, linanuka. Kama rangi haikuchuja kwenye kile kitambaa cheupe, tumia maji baridi, shampuu laini ya nywele kidogo sana, sponji, fuata manyoya usisugue kwa mduara. Suuza mpaka maji yawe maangavu, maji ya mwisho weka siki kidogo. Usilikamue kwa kulisokota. Lisukumie maji yatoke kwa ubao au kwa ubavu wa kiganja, halafu lianike limelala, kivulini penye upepo. Mimi nalipeleka Kibosho kwa shangazi, kuna kichanja cha wavu cha kuanikia kahawa, hewa inapita juu na chini, siku mbili limekauka. Ila iwe nje ya msimu wa kahawa, la sivyo ananifukuza.

Kama ni hariri au rangi inachuja, usifue. Kung'uta, acha.

Kikimwagika kitu, kahawa, mbege, mchuzi, kandamiza kitambaa kikavu mara moja kinywe, usisugue, kisha maji baridi kidogo, kandamiza tena. Maji ya moto usitumie, yanalipika doa.

Nondo. Anayekula siyo yule anayeruka, ni kiwavi chake, na anapenda giza na utulivu, chini ya kochi, nyuma ya kabati. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kulisogeza, kulifunua, kulipiga upepo. Karafuu na mwarobaini vinasaidia kumfukuza asije, ila akishaingia havimuui. La kusalia au dogo lolote unaweza kulifunga kwenye nailoni mbili, hewa itoke, uliweke kwenye friza la baridi kali, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki moja au mbili. Nimewahi kuomba friza la mangi jirani, akalihifadhi pamoja na samaki, mke wake alidhani nimeleta mbuzi.

Kulitandika

Sakafu zetu za saruji zinapandisha unyevu, hivyo weka kitu kinachopumua katikati, mkeka wa ukindu unatosha, plastiki hapana. Kila miezi 6 lizungushe, upande wa dirishani uende ukutani, jua la asubuhi lisilipaukishe upande mmoja. Miguu ya meza iwekee vipande vya mpira. Na watu wakanyage, siyo pambo la kutundika kwa woga, sufu nzuri ikikanyagwa na miguu isiyo na viatu inazidi kung'aa.

Ukihama liviringishe kama gunzi, usilikunje kama shuka, maana mkunjo ukikaa mwaka unavunja mtande. Lifungie kwenye kanga kuukuu au shuka la pamba, siyo nailoni.

Kuhusu bei siwezi kukupangia, mimi la Bhadohi la miaka ya karibuni zima nimeuza laki nne, dhurrie nimeuza kuanzia 25,000, na la Amritsar la tatu bado ninalo mwenyewe, liko chini ya kitanda changu, nalizungusha kila mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Ukiwa na lako unataka kuliuza pita Kiboriloni upande wa mapazia. Nitaligeuza kwanza, halafu nitaomba upunguze, ili na wewe usiku ulale.